Chungu Kibichi

Ijumaa hiyo Nthenya alifika shuleni hata kabla ya wafagiaji wa zamu. Alisimama kwa ncha za vidole kwenye dirisha la stoo, akachungulia. Chungu chake kilikuwa palepale, chini ya gunia.

Darasa la sita walikuwa wamefinyanga kwa wiki mbili. Nthenya alibomoa kazi yake mara tatu, akaanza upya Jumatatu, na sasa wenzake walikuwa tayari kuchoma.

"Chako ni wiki ijayo," Mwalimu Mutinda alimwambia. "Bado kiko na maji ndani, kitapasuka motoni na kuvunja vingine."

Lakini wiki ijayo mama asingekuwepo. Mama alikuwa akishona suruali kiwandani EPZ, eneo la viwanda huko Athi River, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kesho ndiyo ilikuwa siku yake, na Nthenya alikuwa amemwahidi chungu.

Siku nzima hakutulia. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni mara nne. Mchana, kazi za wenzake zilipokuwa zimepangwa kwenye shimo nyuma ya darasa, mwalimu alikwenda kutafuta kiberiti. Nthenya alikimbilia stoo, akarudi na chungu chake, akakisukuma katikati, chini ya kuni na mavi makavu ya ng'ombe.

Moto uliwashwa. Haukupita muda, shimo likalia pa! Kisha pa! tena. Watoto waliruka nyuma. Mwalimu aliutazama moshi, halafu akawaambia waje kesho majivu yakishapoa.

Usiku ule Nthenya alijigeuza kitandani hadi nyanya yake akamuuliza kama ana kunguni.

Jumamosi asubuhi walifukua. Musau alikuwa wa kwanza kupiga kelele: "Fahali wangu hana kichwa!" Fahali huyo wa udongo alimchukua siku tano kumfinyanga, na pembe zake zilikuwa zimesifiwa na darasa zima. Vyungu sita vilikuwa vimepasuka pia.

Mwalimu aliinua kigae, akakigeuzageuza. "Kuna kitu kibichi kiliingia hapa."

Nthenya angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona.

"Ni mimi, mwalimu," alisema. "Mama anakuja leo."

Musau alimrukia, wenzake wakamshika. Mwalimu hakuchukua kiboko. Alivikusanya vigae vyote kwenye karai, akamwekea Nthenya mbele yake pamoja na jiwe.

"Visage viwe kama mchanga. Tutachanganya na udongo mpya, usipasuke ovyo. Utasaga peke yako."

Wenzake walienda nyumbani. Mwalimu aliketi mlangoni akisahihisha vitabu. Jua lilikuwa kali Nthenya aliposikia viatu kwenye changarawe. Alikuwa ni mama yake, mkoba bado begani.

"Nyanya yako ameniambia uko huku. Chungu kiko wapi?"

Nthenya alinyoosha kidole kwenye karai, akaanza kulia huku akieleza yote, hata habari za fahali wa Musau. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwomba msamaha?"

"Hataki kunisikia."

"Utaenda tena Jumatatu."

Mama aliweka mkoba chini, akapiga goti, akatafuta jiwe lake. Walisaga pamoja hadi alasiri, na Jumapili mama akarudi kazini.

Jumatatu Musau aliuchukua udongo uliochanganywa na vigae vile na kuanza miguu ya fahali mwingine. Nthenya alimwomba msamaha mara mbili. Shule ilifungwa kwa likizo kabla hajamjibu.