Unyusi wa Yadira

Umepanda tena! Jamani, unyusi wa kushoto wa dada yangu umepanda tena, na harusi yake ni Jumamosi hii! Usinikatize, shoga, nianze vizuri, maana mwenyewe nacheka huku machozi yananitoka.

Unakumbuka Yadira alivyoamka uso umemlegea upande wa kushoto? Jicho halifungi, kahawa inamchuruzika kidevuni. Daktari akasema mshipa umevimba, utapona wenyewe, ila hajui lini. Hajui lini! Na nusu ya mji wetu wa Laredo imeshaalikwa. Mama akaweka nadhiri kwa Bikira Maria wa San Juan: uso ukinyooka, atakwenda kanisani kwake peku. Yadira hakungoja Bikira. Akaenda kwa Nereida.

Nereida ni binamu yetu, anachora nyusi za wino, zile zisizofutika. Ana bikari yake ya shaba ya miguu mitatu. Uitanue utakavyo, mguu wa katikati unagawa nafasi pande mbili: kubwa ni mara moja nukta sita na kidogo ya ndogo, na nzima ni mara hiyohiyo ya kubwa. Ndio uwiano wa dhahabu. Mimi niliusoma chuoni, nikafaulu, nikausahau. Nereida anaupima kwenye alizeti, kwenye picha za watakatifu, hata kwenye milango ya watu. "Mungu mwenyewe anayo bikari hii," anasema.

Basi akampima Yadira pua, macho, paji, akazinyoa nyusi zake, akachora mpya. Nakuapia zilikaa sawa! Yadira akajitazama kiooni akacheka, kwa nusu ya mdomo iliyokuwa inacheka.

Halafu si akaanza kupona!

Shavu likanyanyuka. Jicho likafunga. Paji lililokuwa limeanguka likarudi kwake, likaubeba na unyusi. Na Nereida alikuwa ameuchora juu zaidi, ulingane na mwenzake! Sasa kila asubuhi unazidi kupanda.

Leo jikoni ilikuwa kilio.

"Mama, mwambie Bikira aishie hapohapo!"

"Nimwambieje, mwanangu? Asante, Mama Mtakatifu, lakini punguza?"

"Nereida, futa basi!"

"Kufuta ni kwa leza, binamu. Miezi na miezi."

"Basi pandisha na huu wa kulia!"

Nereida akaitanua bikari, akaisogeza usoni, akaishusha. "Nipandishe mpaka wapi? Uso wako bado unatembea. Nitakachopima leo, Jumamosi kitakuwa uongo."

"Si ulipima ukijua naumwa?"

"Nilipima uso ulioniletea, Yadira! Nilikuwa na mwingine?"

Mimi nikajaribu poda, wino ukachungulia. Nikamkatia nywele za mbele zifunike paji. Akafanana na farasi wa mjomba. Mama akasema heri ya wino.

Yadira akafuta pua. "Rogelio akinicheka tu, hakuna harusi. Nasema mapema."

Na Rogelio, bwana harusi mwenyewe, huyo mlangoni, na boksi la mikate mitamu! Hajamwona tangu achorwe. Sote tukakauka. Yadira akamgeukia, unyusi mmoja umetulia, mwingine uko juu kabisa, kama hakimu aliyeshaona ushahidi.

Hakucheka, shoga. Alipauka.

"Mbona unanitazama hivyo, mpenzi?"

Unyusi juu.

"Sijafanya kitu!"

Unyusi uko palepale.

"Nani kakwambia? Ni Araceli? Mimi nilimrudisha nyumbani tu, kulikuwa na mvua!"

Na hakuna aliyekuwa amemtaja mwanamke yeyote! Mama akazima jiko. Mimi nikamtazama Yadira, nikaona anahangaika kuushusha ule unyusi, anaukunja uso, anasukuma kwa kidole, haushuki. Nadhani hakutaka kusikia zaidi. Lakini unyusi ukaendelea kumuuliza Rogelio, na Rogelio akaendelea kujibu.

Ee, nakuja, Mama! Ananiita nimshike Yadira, hawezi kusimama. Aliyoyajibu Rogelio nitakupa kesho, yote, na kama ununue gauni la Jumamosi au usinunue.