Kifurushi cha Wilibrodi

Kibodi ilimpata Rozina mdomoni kabla hajamaliza alichokuwa akisema. Ilikuwa kibodi ya zamani, nzito kama kipande cha mbao, na Wilibrodi aliirusha kwa nguvu zake zote. Herufi zilichomoka zikatawanyika sakafuni. Rozina alijishika mdomo, akaona damu inachuruzika kati ya vidole vyake, akakaa taratibu juu ya ndoo waliyokuwa wakiigeuza kiti cha wateja.

"Rudia," Wilibrodi alisema. "Hebu rudia hayo maneno."

"Kifurushi chako kinaua mashine za watu, kaka."

Safari hii lilikuwa teke la paja.

Duka lao lilikuwa mtaa wa Kizwite mjini, chumba kimoja chenye mlango wa bati, kinyozi upande huu, muuza vipuri vya baiskeli upande ule. Wilibrodi ndiye aliyelianzisha. Ndiye pia aliyemlea Rozina tangu wazazi wao walipofariki. Alimsomesha kwa kubeba magunia ya mahindi mgongoni, kisha akamfundisha kufungua kompyuta, kupuliza vumbi, kupiga Windows, kusikiliza diski inayokaribia kufa. Mkono uliomlisha ndio huohuo uliompiga, na kwa miaka mingi Rozina aliyapokea yote mawili bila kuchagua. Mjini walimwogopa. Fundi mmoja aliyewahi kumwambia hadharani kwamba anaiba wateja alikunywa uji kwa mrija mpaka taya lilipounga.

Na kazi yake watu waliipenda. Huko vijijini kwenye nyanda za juu, mtandao unatafutwa kwa kupanda kichuguu na simu mkononi. Kompyuta ya ushirika au ya zahanati ikidai masasisho, haina pa kuyapata. Wilibrodi alikuwa akiyapakua mjini, anayafunga yote ndani ya diski ya nje, na humo humo anaweka programu ndogo ya kuyasimika moja baada ya jingine bila mtandao wowote. Unachomeka, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Watu walikiita Kifurushi cha Wilibrodi, naye kila akilisikia jina hilo kifua kilimpanda.

Lakini tangu mvua za kwanza zianze, mashine zilizopitiwa na kifurushi kipya zilikuwa zikifa. Zinawaka, zinaandika kwamba zinarudisha mabadiliko, zinajizima, zinawaka tena, na mchezo unaanza upya. Rozina alikaa na mojawapo, akafuata hatua kwa hatua mpaka akaona. Kuna sasisho moja linalopaswa kutangulia, lile linaloiandaa mashine iweze kupokea mengine. Kwenye kifurushi kipya halikuwamo. Mashine ilipokataa, kulikuwa na programu nyingine iliyoiziba mdomo na kuyasukuma masasisho ndani kwa nguvu. Mashine mpya zilivumilia. Zile kuukuu zilivunjika.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyaeleza kibodi ilipomfika.

Wilibrodi alikuwa bado amesimama juu yake simu ilipolia. Alikuwa Mama Mariana, mtunza stoo wa Ushirika wa Tulime, katika kijiji kimoja kaskazini mwa mji. Alizungumza kwa sauti ya kunong'ona, na nyuma yake zilisikika kelele.

"Wilibrodi mwanangu, ile mashine uliyoitengeneza imegoma kabisa. Majina ya wakulima yamo humo, namba zao zimo humo, mbolea haiwezi kutoka. Watu wamelala hapa nje na mvua inawanyeshea. Mwenyekiti Masalu anasema aliyeigusa aje mwenyewe, la sivyo watamfuata."

"Nakuja," Wilibrodi alisema, kisha akamtupia Rozina kitambaa cha kufutia vioo. "Jifute. Twende ukaone kama kifurushi changu kinaua."

Walikwenda kwa pikipiki, Rozina nyuma, mdomo umevimba, upepo wa baridi ukimchoma kwenye jeraha. Kushoto na kulia nyasi zilikuwa zimeshachipua, na matuta ya ulezi yalikuwa yamefunguliwa kwa jembe, meusi, yakisubiri mbegu. Kila shamba lililolimwa lilikuwa tupu. Hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye jembe. Rozina alielewa kwa nini walipofika: wote walikuwa kwenye ghala.

Walikuwa wamejaa uwanjani, wanaume kwa wanawake, wengine na mipini ya majembe, wengine na fimbo. Hawakupiga kelele pikipiki ilipoingia. Walinyamaza, na ukimya ule ulimtisha Rozina kuliko kelele alizozisikia kwenye simu.

"Shikamooni," alisema.

Wachache waliitikia. Mtu mrefu wa makamo, mwenye koti la mvua lililochanika begani, alijitokeza mbele. Huyo ndiye Masalu, mwenyekiti wa ushirika. Alihamia kule na ng'ombe wake zamani akageuka mkulima, na watu walimchagua kwa sababu hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Fundi," alisema, "mvua haisubiri. Fanya kazi yako."

Ofisi ilikuwa chumba kidogo ndani ya ghala, dirisha moja la nondo, na nyuma ya mlango magunia ya mbolea yamepangwa mpaka darini. Mama Mariana aliwasha kompyuta. Ikafanya yaleyale: ikarudisha mabadiliko, ikazima, ikawaka.

"Kaka, usichomeke hiyo diski," Rozina alisema kwa sauti ya chini. "Tuirudishe nyuma kwanza. Yale yaliyokwama yatolewe. Nina flashi hapa."

Wilibrodi aliiingiza mashine kwenye hali ya dharura, ikakubali kufunguka kwa shida, akachomeka diski yake, akabonyeza. Kisha akakunja mikono, akamtazama Masalu kama mtu aliyekwisha kushinda. Mistari ilipita kwenye kioo. Mashine ikajizima. Ilipowaka, haikuandika hata yale maneno ya kurudisha mabadiliko. Kioo kilibaki cheusi, na kijistari kimoja cheupe kikipepesa pembeni.

"Imekuwaje?" Masalu aliuliza.

"Mashine yenu ni mbovu."

"Ilikuwa nzima kabla hujaigusa."

"Wewe unajua nini? Mtu umezoea kushika mkia wa ng'ombe, leo unanifundisha kompyuta?"

Masalu alimpiga kofi. Halikuwa kofi kubwa, ni lile la mzee kumkanya kijana. Lakini Wilibrodi hakuwa ameguswa usoni na mtu tangu utoto. Aliokota jiwe la mizani lililokuwa juu ya meza, akambamiza nalo Masalu juu ya jicho. Ngozi ilipasuka ikafunguka. Masalu aliyumba, akaegemea magunia, damu ikamfunika upande mzima wa uso.

Waliokuwa mlangoni waliona. Waliingia kwa pamoja.

Rozina hakuona nani alipiga kwanza. Aliona mpini wa jembe unapanda na kushuka. Aliona mkono wa Wilibrodi umeinuliwa kujikinga, kisha ukapinda mahali ambapo mkono haupindi. Walimvuta kwa miguu, kichwa kikagonga kizingiti, wakamtoa nje. Mama Mariana aliusukuma mlango akaufunga kwa komeo, akasimama mgongo ukiwa mlangoni, akisali.

Kupitia nondo za dirishani Rozina aliona migongo ya watu tu. Sauti ndizo zilizomfikia. Kila pigo lilitoa mlio mzito, kama mtu anakung'uta gunia lenye nafaka, na kati ya pigo na pigo kaka yake alikuwa akipiga yowe jembamba ambalo Rozina hakuwahi kulisikia likitoka kwake. Rozina alisikia nafuu, waziwazi. Aonje, alijisemea. Aonje naye. Akasimama pale akisikiliza, ulimi ukigusa mahali mdomo ulipochanika.

Kisha mtu mmoja akapaza sauti: "Tairi! Leteni tairi na petroli!"

Ile nafuu ikakatika. Rozina alizishika nondo, akapiga kelele mpaka koo likamuuma.

"Mkimuua hampati mbolea! Neno la siri la mashine analo yeye peke yake! Akifa leo, majina yenu yanakufa naye!"

Ulikuwa uongo mtupu. Mashine ile haikuwa na neno la siri lolote.

Mapigo yalipungua, yakaendelea, yakapungua tena. Masalu, aliyekuwa amesombwa nje na umati, alijikokota hadi dirishani, kiganja juu ya jicho, akamwangalia Rozina, kisha akawageukia watu wake. "Mwacheni. Mleteni ndani." Hakuna aliyetii mara moja. Ilibidi aingie katikati yao, na fimbo mbili zilizokusudiwa Wilibrodi zilimwangukia yeye.

Walimbwaga Wilibrodi sakafuni kando ya meza. Jicho moja lilikuwa limefungana, sikio linatoka damu, mkono umelala pembeni kama wa mtu mwingine. Masalu alichukua panga kwa mmoja wa vijana, akakaa juu ya gunia, panga magotini.

"Anza," alimwambia Rozina.

Rozina aliichomoa diski ya kaka yake, akaiacha ianguke sakafuni karibu naye, akachomeka flashi yake. Akakosea kuandika, akafuta, akaandika tena. Kioo cha ukarabati kikafunguka. Akaiamuru mashine iyatupe masasisho yote yaliyokuwa hayajakamilika.

"Lile la kutangulia," alimwuliza kaka yake bila kumtazama. "Ulilitoa kwa nini?"

Wilibrodi alitema damu. "Lilikuwa linachelewesha. Wateja wananiona sijui kazi."

"Na ile programu ya kulazimisha?"

"Nilipewa na jamaa mmoja. Kwangu ilikubali."

"Uliijaribu kwenye mashine kuukuu?"

Nje watu waligonga kuta za bati kwa viganja, wote pamoja, ghala zima likanguruma. Mashine ilifikiri, ikafikiri, hatimaye ikaandika kwamba imemaliza. Rozina aliizima, akaiwasha. Picha ya mezani ikatokea, na Mama Mariana alipofungua orodha, majina yakajipanga kioo kizima. Akapiga kigelegele na kulia papo hapo.

"Gaweni!" watu walipaza sauti dirishani. "Gaweni sasa!"

"Bado," Rozina alisema. "Ikibaki hivi ilivyo, itakufa tena. Nipeni nafasi niweke moja."

Mtu mmoja alirusha jiwe, likagonga nondo likarudi. Masalu hakugeuka. "Weka," alisema.

Aliliweka lile sasisho lililotolewa, peke yake, bila kulazimisha. Mashine ikaomba kuzimwa. Vidoti vikaanza kuzunguka kwenye kioo cheusi. Rozina alijua vikiganda pale, Wilibrodi hatatoka hai, na yeye pia huenda asitoke. Vilizunguka, vikasita, vikazunguka. Mashine ikafunguka. Akaweka yaliyobaki kwa mpangilio wake, na safari hii halikukataa hata moja.

Mama Mariana aliita jina la kwanza. Watu walikimbilia upande wa mlango wa kupakulia.

Masalu alibaki amekaa. "Neno la siri," alisema. "Sikukusikia ukimwuliza."

"Halipo, baba."

Alitikisa kichwa kidogo. Kisha akamtazama mdomoni. "Nani alikupasua?"

Rozina alimnyooshea kaka yake kidole. "Huyu."

Masalu aliinuka, akaligeuza panga, akamwelekezea mpini. Rozina alilipokea. Lilikuwa zito kuliko alivyotarajia. Wilibrodi alimwangalia kwa jicho lake moja zima, na hakusema mdogo wangu, wala hakuomba. Alifumba lile jicho.

Rozina alipiga kwa mikono miwili. Panga lilishuka kando ya goti la kaka yake, likaikata diski ya nje katikati, likakwama kwenye saruji iliyopasuka. Wilibrodi alipiga kelele kana kwamba amekatwa yeye. Rozina aliling'oa panga, akapiga tena, na tena, mpaka vile visahani vya ndani vikawa vipande, na yeye mwenyewe akawa analia kwa hasira na makamasi, na ikabidi Mama Mariana aje kumshika mikono.

Gari lililoleta mbolea ndilo lililowarudisha mjini, Wilibrodi amelazwa nyuma juu ya maturubai matupu. Hospitali waliwataka waanze polisi wachukue PF3, fomu ya majeruhi. Askari aliandika ya Wilibrodi, akaandika ya Masalu aliyekuja kushonwa, kisha akamwuliza Rozina yeye alianguka wapi.

"Sikuanguka. Nilipigwa na kaka yangu, leo asubuhi, dukani. Na si mara ya kwanza."

Wilibrodi alikuwa kwenye machela palepale, akamsikia.

Polisi walikwenda kijijini wasipate aliyeona kitu. Masalu alikataa kushitaki. Rozina hakukataa. Ndugu walimjia kwa makundi, shangazi akamwambia amemla aliyemlisha, na paroko akamsihi. Alisimama mahakamani akaeleza yote, tangu utoto. Wilibrodi alifungwa kifungo kifupi. Alipotoka hakuonana na dada yake. Alishuka ziwani, Kabwe, na waliokuja kutoka huko walisema anachaji simu za wavuvi kwa mkono mmoja, mpole, sikio moja halisikii.

Rozina alimlilia, kisha akatengeneza kifurushi kipya. Alikijaribu kwenye mashine kuukuu kuliko zote alizozipata, kikikataa anaanza upya. Zilikuwa zimebaki mashine nyingine nyanda nzima, kila moja ina kile kifurushi kibovu cha kaka yake ndani, na hakuna wa kuzifuata ila yeye.

Kijiji kilichofuata alifika asubuhi, mvua imekatika. Kwenye ukumbi wa ushirika watu walikuwa wamesimama na fimbo. Walikuwa wamesikia kwamba anakuja mtu wa damu ya Wilibrodi. Rozina alizima pikipiki, akashuka, akafungua mkoba ili waone kilichomo.

"Shikamooni," alisema. "Mashine iko wapi?"

Mtu mmoja aliinyanyua fimbo. Rozina alimpita, akaingia ndani.