Waliokuja Kuulizia Maombi Yao

Alhamisi saa nane mchana, mfagizi wa kanisa alikuwa amepiga magoti kati ya benchi la tatu na la nne, akikwangua nta iliyodondoka Jumapili umeme ulipokatika, pale fundi viatu alipoingia na kukaa mahali pake pa siku zote. Fundi viatu alikuwa amezikwa mwaka juzi. Alivua kofia, akaiweka magotini, akauliza kama ombi lake limeshasomwa.

"Sijui, baba," mfagizi alisema. "Mimi ni wa kufagia tu."

"Basi nitasubiri."

Alhamisi iliyofuata walikuja tisa, na iliyofuata tena kumi na saba. Hawakumsumbua mtu. Walikaa wakilitazama sanduku la maombi lililopigiliwa ukutani karibu na mlango, na jioni walipoondoka waliacha udongo mbichi kwenye benchi, ukamwongezea mfagizi kazi. Kila mmoja wao alitumbukiza karatasi mle akiwa hai, na kila mmoja aliambiwa ataombewa. Ufunguo ulikuwa kwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa alikuwa mtu wa mambo mengi.

Mfagizi alikwenda ofisini kwa mchungaji.

"Mchungaji, marehemu wanaulizia sanduku."

"Wako wangapi?"

"Leo kumi na saba."

"Waambie tunawakumbuka katika sala," mchungaji alisema, akaendelea kuandika mahubiri.

Mfagizi akarudi, akabandua ubao wa chini wa sanduku kwa kisu chake cha kukwangulia, karatasi zikamwagika kwenye ndoo, za zamani zikitangulia. Hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti. Katika ushirika wa akina mama, miaka yote, shughuli yake ilikuwa kuitikia amina na kuosha vikombe. "Bwana, huyu anaomba magoti yake yapone," alisoma, na fundi viatu akaitikia amina, akavaa kofia, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuonekana tena.

Kadiri wiki zilivyopita, sauti ilimkaa vizuri. Aliacha kumnong'oneza Mungu kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani, akaanza kumkumbusha. "Ulisema mwenyewe humwachi mtu, Bwana, na mama huyu alilishika neno lako." Hata nyumbani alianza kulala bila kuibeba kesho kitandani. Aliamini, tena kuliko alivyowahi kuamini tangu abatizwe. Benchi zikapungua watu, mpaka akabaki mmoja.

Huyo mmoja alikaa benchi la mwisho na hakuwahi kuulizia kitu. Alikuwa mdogo wake mfagizi, aliyefariki kipindi cha mvua, peke yake chumbani kwake, akakutwa siku ya tatu. Muda wote huo mfagizi alifagia akimzunguka, bila kumtazama usoni. Alimwogopa kuliko wafu wengine wote. Mdogo mtu alipokuja kumwambia kifua kinambana, yeye alikuwa juu ya ngazi akifuta madirisha kwa ajili ya harusi, na alimjibu bila kushuka: "Andika, utumbukize kwenye sanduku. Mungu havunji ahadi."

Karatasi ya mwisho ilikuwa na mwandiko wake. Mfagizi aliisoma akiwa amesimama.

"Bwana, naomba dada aje akae kwangu siku mbili tatu. Naogopa kuwa peke yangu. Naona haya kumwambia, ana kazi nyingi za nyumba yako."

Mdogo wake hakuitikia amina.

"Mbona hukuniambia?" mfagizi aliuliza.

"Si ulisema niandike, dada."

Mfagizi alijaribu kuanza kama alivyozoea, Bwana, huyu anaomba, akaishia hapo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwishowe akasema, "Bwana, hili hukulipuuza. Ulinipa mimi." Akaketi kwenye benchi lile, bega kwa bega na mdogo wake, baridi ikapenya gauni.

"Nimekuja," alisema.

"Nimekuona," mdogo wake alijibu. Hakuondoka Alhamisi ile, wala siku nyingine yoyote.

Mwezi haujaisha, mzee wa kanisa aliukumbuka ufunguo. Ubao wa chini ulikuwa umeshapigiliwa tena. Alilifungua sanduku Jumapili mbele ya wote, akaliinamisha watu waone lilivyo tupu. "Wapendwa, maombi yote yamejibiwa!" Kanisa zima lilisimama, makofi na vigelegele, na kabla wimbo haujafika mwisho foleni ya watu wenye karatasi mpya ilikuwa imefika nje. Mchungaji, akipita kusalimu watu, alimpa marehemu mkono, akamwambia pole, tutakuombea. Mfagizi hakupiga makofi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikwa, na vidole vilivyoushika havikuwa vikipata joto.