Miguu ya Sericho

Wainaina alipostaafu idara ya mifugo, wenzake walimpa blanketi na hotuba fupi, naye akarudi nyumbani kwake mtaani Wabera akakaa. Alikaa miaka sita. Si kwamba alikuwa mvivu. Alifungua duka la dawa za mifugo mbele ya nyumba, na duka linataka mtu ndani. Asubuhi aliketi nyuma ya kaunta na kikombe cha chai ya sukari vijiko vitatu na mandazi mawili. Mchana mkewe Waithera alimletea chapati na ndengu hapo hapo. Akihitaji kwenda benki, ambayo aliweza kuiona akisimama mlangoni, alipiga mluzi bodaboda ikaja. Kitambi kilimjia polepole, bila vurugu, hadi siku moja akagundua kwamba hawezi kufunga kamba za viatu bila kushika pumzi.

Hilo alilivumilia. Kilichomtisha ni siku aliposhindwa kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa ambayo ameitumia maisha yake yote. Herufi zilikuwa zimefunikwa na ukungu. Tena kwa wiki kadhaa alikuwa akinywa maji kama ngamia aliyetoka safari, na kwenda haja kila baada ya muda mfupi. Waithera hakumuuliza mara mbili. Alifunga duka, akamshika mkono, wakaenda kituo cha afya.

Daktari aliyempima alikuwa mwanamke kijana aitwaye Barwaqo, amevaa hijabu ya samawati, mtulivu. Alitazama kipimo, akatazama mashine ya presha, kisha akamtazama Wainaina mwenyewe.

"Mzee, sukari yako iko juu sana. Presha pia imepanda. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa daktari wa mifugo. Serikalini."

"Basi hii maneno unaijua. Ng'ombe akifungiwa mahali pamoja, alishwe unga asubuhi mpaka jioni, anakuwa aje?"

Wainaina akacheka bila kutaka. "Ananenepa. Halafu anachinjwa."

"Sasa wewe hatutaki ufike huko."

Alimwandikia vidonge, akamweleza namna ya kuvimeza. Kisha akatoa karatasi tupu, akachora mstari katikati. Juu upande mmoja akaandika *chakula*, upande wa pili *zoezi*.

"Dawa nimeandika mimi. Hii utaandika mwenyewe."

"Si wewe ndiye daktari?"

"Nikikuandikia mimi, utafuata wiki moja tu. Nakuambia njia tu: mboga nusu ya sahani, ugali ama wali kidogo, na nyama ama maharagwe kiasi. Sukari kwa chai, wacha. Mwili itembezwe karibu kila siku. Lakini chakula gani hasa na zoezi gani, chagua kitu utaweza hata mwaka ujao. Rudi baada ya wiki mbili."

Wainaina aliichukua karatasi ile kama mwanafunzi aliyepewa mtihani wa somo ambalo hakusoma.

Binti yao Wangui, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, alipata habari jioni hiyo. Kufikia asubuhi simu ya baba yake ilikuwa imejaa mashauri. Ujumbe mmoja ulisema asiguse nyama. Mwingine ulisema ale nyama tu. Wa tatu ulisifu supu ya kabichi, kwamba mtu akiinywa siku saba anapungua kama mshumaa. Wainaina alichagua ule wa kabichi kwa sababu ulikuwa mfupi. Siku ya kwanza alijisikia shujaa. Siku ya pili alinuna. Siku ya tatu mikono ilianza kutetemeka, akamuuzia mteja dawa ya minyoo badala ya dawa ya kupe, na Waithera aliyekuwa ameingia dukani akamkalisha chini, akamletea nusu kikombe cha uji.

"Baba Wangui, ulimeza dawa ya daktari?"

"Nilimeza."

"Na tumboni kuna kabichi peke yake?"

Alikunywa uji.

Juma lililofuata akajaribu mbio. Alinunua raba nyeupe na suruali ya michezo yenye mistari, akatoka alfajiri watu wakitoka msikitini. Hakuwa amefika shule ya msingi wakati mwendesha boda alipomkaribia, akapunguza mwendo.

"Mzee, kuna shida? Panda nikufikishe."

"Nafanya mazoezi."

"Sawa," kijana alisema, lakini aliendelea kumfuata kwa nyuma taratibu mpaka kona, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Siku ya pili walikuwa boda wawili. Siku ya tatu goti la kushoto likavimba, na raba nyeupe zikawekwa juu ya kabati.

Alikaa sebuleni mguu ukiwa juu ya kigoda, ile karatasi mkononi. Hapo ndipo kumbukumbu zilipomvamia, kwa sababu goti lile lile lililokataa kumfikisha shuleni lilikuwa limemvusha nchi yote ya mashariki.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mgeni kutoka Nyeri, alipotumwa Sericho kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa sotoka. Landrova iliwafikisha mahali barabara ilipoishia, ikarudi. Kutoka hapo walitembea. Aliyemwongoza alikuwa msaidizi wake, Etabo, Mturkana wa Ngaremara, mrefu, mkavu, mwenye mwendo usiobadilika jua lichomoze au lizame. Etabo alibeba sanduku la barafu lenye chanjo begani, Wainaina akabeba sindano na daftari. Walianza saa kumi na moja alfajiri, hewa ingali baridi na mchanga ukiwa mgumu chini ya viatu. Saa nne walikuwa katika boma la kwanza. Wenyeji waliwapa maziwa ya ngamia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na ladha ya ule moshi ilibaki kinywani mpaka boma la pili.

Chakula chenyewe kilikuwa hicho. Maziwa, chai, na nyama siku ambayo mwenyeji amechinja. Jioni walipika ugali kidogo na kunde zilizokaushwa ambazo Nakolong, mke wa Etabo, alikuwa amemfungia mumewe katika kitambaa. Wainaina hakukumbuka kuwahi kushiba sana katika safari zile, wala hakukumbuka kuumwa. Alikumbuka mwili wake ulivyokuwa mwepesi, akijua kwamba hata wakisema boma lingine liko nyuma ya kile kilima cha mbali, miguu itafika.

Miaka minne walitembea pamoja hivyo. Kisha Wainaina akapandishwa cheo, akapewa ofisi mjini na kiti chenye magurudumu. Walikutana mara chache sokoni, baadaye kwenye mazishi, baadaye hata huko hawakukutana. Ngaremara si mbali, ni mwendo mfupi kwa boda kwenye lami, lakini miaka kumi na moja ilikuwa imepita.

"Kesho naenda kwa Etabo," alimwambia Waithera. "Yule bado anaishi vile tuliishi. Nitamuuliza anakula nini na anatembea wapi, niandike hiyo."

Alimkuta Nakolong mbele ya nyumba akichambua maharagwe kwenye ungo. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe. Alimtazama mgeni muda mrefu, akaweka ungo chini.

"Ni Daktari," alisema. Wafugaji walikuwa wakimwita hivyo zamani, na hakuna aliyemwita hivyo tena. "Ingia. Yuko nyuma, kwa kivuli."

Etabo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Uso ulikuwa ule ule. Mabega yalikuwa yale yale. Lakini mguu wa kulia wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Wainaina alisimama.

"Keti," Etabo akasema. "Hata mimi bado sijazoea kuiangalia."

"Ni ajali?"

"Ni sukari."

Nakolong alileta chai, akaondoka kimya. Etabo alisimulia bila haraka, kama alivyozoea kutembea. Baada ya idara kumwachisha kazi, alipata nyingine ya kulinda ghala kando ya barabara kuu. Miaka minane alikaa getini kwenye kiti. Mandazi na soda vilikuwa dukani hatua tatu kutoka hapo, na vilikuwa rahisi kuliko kungoja chakula cha nyumbani. Msumari ulimchoma mguuni, hakusikia uchungu. Kidonda kikakataa kupona. Alipofika hospitali, tayari mguu ulikuwa umeoza.

"Mimi nilijua hiyo ni ugonjwa ya watu wa town," alisema. "Watu kama wewe. Nikasema, Mturkana aliyetembea mpaka Sericho, sukari itampata wapi? Nikakataa kupima."

Wainaina aliitoa ile karatasi mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Aliinyoosha juu ya goti lake lililovimba.

"Nilikuja kukuuliza wewe unaishi aje, niandike."

Etabo aliichukua, akaisoma upande mmoja, akageuza nyuma ambako hakukuwa na kitu, akairudisha. Midomo ilimcheza kidogo.

"Umechelewa kidogo, Daktari."

Wainaina akafunika uso kwa kiganja, na mabega yakaanza kutikisika, na Etabo akamwacha alie mpaka amalize. Alipomaliza, Etabo alimsukumia kikombe cha chai. Haikuwa na sukari.

"Siku hizi nakula vile Nakolong anapika," Etabo alisema. "Kunde, maharagwe, ugali ya mtama hivi." Alikunja ngumi kuonyesha kipimo. "Maziwa kikombe kimoja. Nyama Jumapili. Na asubuhi naenda na magongo mpaka lami na kurudi. Mara ya kwanza nilichukua saa nzima. Daktari wa mguu anasema nikipata nguvu, nitapewa mguu ya plastiki."

"Hiyo ni karibu sawa na zamani."

"Ni sawa kabisa. Ni sisi tuliacha."

Wainaina alitafuta kalamu. Upande wa chakula aliandika kama Etabo alivyosema, akaongeza sukuma wiki kwa sababu Waithera alikuwa nayo shambani nyuma ya nyumba. Upande wa zoezi alisita. Mbio alikuwa amezifuta moyoni. Etabo ndiye aliyesema.

"Andika kutembea. Wewe hukuwahi kukimbia hata siku moja. Hata yule fahali wa Modogashe alipokufukuza, ulitembea haraka tu."

Wakacheka mpaka Nakolong akaja kuchungulia.

Barwaqo aliisoma karatasi ile wiki iliyofuata, akauliza mtama unapatikana wapi, akamshauri kuhusu goti, aanze na dakika kumi na aongeze. Mwisho akamvua viatu na soksi, akamkagua vidole kimoja kimoja, akamwambia afanye hivyo mwenyewe kila jioni. Wainaina hakuhitaji kuelezwa sababu.

Haikuwa rahisi kama hadithi. Chai isiyo na sukari ilimchukua mwezi mzima, na katika harusi moja alikula chapati nne akamficha hata Waithera. Lakini kila asubuhi aliamka, akazunguka Wabera kwa mwendo wa kawaida, akisalimia wenye maduka wakifungua milango, na waendesha boda wakazoea, wakaacha kumfuata. Jumamosi alipanda boda mpaka karibu na Ngaremara, akashuka kabla hajafika, akamalizia kwa miguu. Yeye na Etabo walikwenda pamoja mpaka lami na kurudi, magongo yakigonga ardhi, wakibishana juu ya majina ya visima. Baada ya miezi mitatu sukari ilikuwa imeshuka karibu nusu. Maandishi kwenye chupa yakarudi. Baada ya miezi saba Etabo alipata mguu wake wa plastiki, akaulalamikia wiki mbili, kisha akanyamaza, na walipofika lami akasema waendelee mpaka pale kwenye daraja.

Jumamosi moja Waithera alisema ataenda naye. Alitaka kuona mtama huo unalimwa wapi, alisema, ingawa Wainaina alishuku ni wivu. Walishuka kwenye boda, wakawapitia Etabo na Nakolong nyumbani kwao, wakatembea wanne: Etabo na Wainaina mbele, wanawake wawili nyuma yao. Wanaume walikuwa wakizungumza juu ya boma moja la Sericho ambako mvua iliwafungia siku tisa, na wenyeji wakawapa kitoto cha ngamia kilale nao hemani kisife kwa baridi.

"Hiyo hukuwahi kuniambia," Waithera alisema kutoka nyuma.

Wainaina aligeuka. "Nilidhani nilikuambia."

"Siku tisa hizo nilikuwa kule Wabera na Wangui mchanga kifuani, mto umejaa, na hakuna mtu alijua kama mko hai. Nakolong ndiye alitoka huku kwa miguu akaja kukaa na mimi."

Wainaina hakujua hilo. Alimtazama Etabo, na kwa uso wake akaona kwamba yeye pia hakujua. Miaka karibu arobaini.

"Alikuja na nini?" Etabo aliuliza.

"Mtoto mgongoni na mbuzi wa maziwa kwa kamba," Nakolong alisema. "Na yule mbuzi alikuwa mkaidi. Kutoka hapa mpaka mjini alilala chini mara sita."

"Mara nane," Waithera alisema. "Uliniambia nane."

Wanaume walipunguza mwendo ili wanawake wawafikie, na Nakolong akaanza tangu mwanzo, tangu asubuhi ile alipoona mawingu yamekaa upande wa Sericho.