Mita Mia Mbili Mbele

...wapi hasa, ananiuliza Warsame, mpimaji wa barabara, kana kwamba wapi ni neno jepesi, mkebe wake umeinama, chokaa inadondokea kiatu chake naye haoni, "Dada Nkirote, nionyeshe ndugu yako aligongwa wapi, mtaa huu wa Galbet, kupunguza mwendo wa magari, nimepewa tuta moja tu," moja tu, na mimi ndiye mwenye daftari la nyumba yetu, nani alizaliwa lini, nani alizikwa wapi, humo nimeandika, Mwenda, Jumanne tarehe tisa Machi, saa mbili kasoro kumi asubuhi, mbele ya kituo cha mafuta, akienda kazini... Mama huufuata mstari huo kwa kidole, na siku ni kweli, saa ni kweli... "Weka hapa kwa maziwa yangu!" Sagal anapiga kelele katikati ya madumu yake, "ngamia akibita, gari nasimama, mtu akibita, gari nabiga honi tu!" na Warsame anacheka, "Basi tuwavishe watu nundu, eedo, shangazi yangu," nami nawaona, Galbet nzima ina nundu, watoto wa shule wanavuka polepole, malori yamepiga magoti, na Mwenda katikati yao juu ya baiskeli nyeusi, hana haraka, amekwisha kuupita mwarobaini huu, nami mlangoni mwa duka nimeinua chupa, Mwenda, umesahau chai! naye anacheka, anapinda bila kutazama nyuma... kituo cha mafuta hakukifikia, mimi ndiye niliyemfikisha, nilimsogeza kwa kalamu mita mia mbili mbele, ili Mama asiulize alikuwa anapinda kwenda kwa nani... na tuta likienda kule, lori litapunguza mwendo kule, hapa wanapovuka watoto litapita kama lilivyopita, na likiwekwa hapa, Jumapili Mama akienda kanisani atasimama, atalitazama, atanitazama... chupa ingali rafuni, sijaifungua tangu siku ile, huenda chai imekauka, huenda bado ina moto, mambo gani haya ninayowaza... "Wapi, dada?" chokaa inadondoka, Sagal bado anacheka, hakuna kilichosogea, ila mimi, nasogea hadi chini ya mwarobaini, weka hapa, namwambia, na Mama aulize, nitamsomea mwenyewe, mstari mpya chini ya ule wa zamani, bila kufuta neno, aligongwa hapa, penye mwarobaini, akinijia.