Kura za Mpakani

Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameinamia simu zao uani, wakiandika neno moja: TUSE.

"Haiendi," Mama Roda alilalamika. Aliuza maharage sokoni, meza ya pili kutoka ya Tusekile, na tangu nimalize chuo nikakosa kazi aliniita Msomi.

"Rudia, mama. Nchi nzima inapiga kura, mtandao umezidiwa."

"Msomi, simu yenyewe inanikaribisha Zambia!"

"Kwani haikukaribishi kila siku?"

Ua mzima ukacheka. Hapa Tunduma simu hukukaribisha Zambia ukiwa jikoni kwako unasonga ugali. Hakuna anayeusoma ujumbe ule. Na ua ule, hatua chache kutoka mpakani, niliuchagua mimi, kwa sababu mwenyewe alikuwa na televisheni kubwa.

Kwenye televisheni hiyo Tusekile alisimama chini ya taa za Dar es Salaam, kwenye nusu fainali ya shindano la uimbaji, na gitaa lake lenye kiraka cha gundi. Nililijua gitaa lile. Miaka miwili alilipiga sokoni, amekaa juu ya gunia, akitunga wimbo wa mama yake aliyekuwa akivuka Mto Songwe kule Isongole na mzigo kichwani. Ubeti wa mwisho ulimshinda mwezi mzima. Siku alipoupata alinishika mkono.

"Kaka Ezron, sikiliza. Usiseme nzuri kama si nzuri."

*Mto, mama hajui kuogelea. Mwachie pa kukanyaga.*

Nililia, naye akanicheka.

Jumapili ile ya kura aliuimba ubeti huo macho ameyafumba. Mwenye kura chache kuliko wote angerudi nyumbani. Wengine wangeingia fainali. Mtangazaji akafungua bahasha. Tusekile. Kamera ikamsogelea, naye akaitazama kama mtu anayetafuta ndugu kwenye umati.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa barabara ya Mbeya. Mpaka ulipobaki mbali nyuma yangu, simu ikatetema: karibu tena Tanzania. Nikasimama. Nikatuma tena TUSE. Kwa mtandao wa Tanzania ikaenda mara moja, na jibu likaja mara moja: muda wa kupiga kura umekwisha.

Siku nne baadaye nilimpokea stendi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, lakini yalinitoka yote kwa pamoja: ua, mpaka, Mama Roda, kicheko. Alisikiliza amekumbatia gitaa.

"Kwa hiyo mlipiga?"

"Zaidi ya mia mbili. Wengine mara kumi kumi."

Akatazama pembeni. "Walituonyesha kura za kila mkoa. Mkoa wetu wa Songwe, kumi na moja. Nikasema basi, nyumbani hawanitaki."

Hakuniambia amenisamehe, wala hakunilaumu. Akashika njia ya sokoni, mimi nyuma yake na begi. Mama Roda alipomwona alipiga kigelegele, akafuta mikono kwenye kanga, akamkumbatia. Tusekile akamwomba simu.

Ujumbe ulikuwa bado mle, mara tisa, kila mmoja na alama yake nyekundu ya kugoma. TUSE. TUSE. Aliusoma wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, taratibu, kama barua ndefu. Akairudisha simu, akasogea meza iliyofuata.

"Na wewe, mama," alisema. "Nionyeshe."