Hesabu Miguu Kwanza

Mama alikuwa akimenya viazi kibarazani, chini ya taa, binti yake mdogo alipomwambia kwamba kuna mdudu mkubwa kwenye kiti cha baba. Dada mtu akatazama, akamsahihisha. Si mdudu, ni buibui: miguu minane, mwili vipande viwili, hana mabawa wala vipapasio. Ni baba mdogo.

Mama akauliza kama ameshakunywa chai.

Wasichana walijifunza hayo kwa marehemu baba yao, mwalimu wa sayansi. Jioni alikaa kwenye kiti hicho na miwani yake iliyofungwa uzi, wakawatambua pamoja wageni wa taa: kumbikumbi, panzi, mende aliyepotea njia. Aliwaambia wahesabu miguu kwanza, wapige kelele baadaye. Kwa mama kila kitu kilikuwa mdudu, hata nge, nao walimcheka mpaka mwenyewe akacheka. Zilikuwa jioni tamu.

Baba mdogo alikuja msibani na begi dogo, eti akae kidogo awasaidie kupanga mambo. Mtu mwenye begi dogo humfikirii mengi. Alichukua kiti, kisha chumba cha kaka yake, kisha nyumba yenyewe ikawa kwa jina lake, mama hajafuta machozi. Miguu iliongezeka polepole. Sasa utando ulikuwa umeziba mlango wa chumba na nusu ya kibaraza, na waliotaka kupita waliinama.

Jioni hiyo nondo alitua ukutani, karibu na taa. Alilaza mabawa. Vipapasio vyake vilikuwa kama manyoya, na machoni alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

“Miguu sita,” alisema dada mtu. “Mama, ni baba.”

Mama akapangusa mikono.

“Umekonda, baba watoto.”

Nondo, kwa mazoea, akaruka kuelekea kwenye kiti chake. Utando ukamnasa bawa. Baba mdogo akaanza kumfuata bila haraka, kama mwenye nyumba. Mama akaukata uzi wa utando kwa kisu cha viazi, nondo akapotelea gizani, akamwachia vumbi la mabawa vidoleni.

Kesho yake taa haikuwashwa. Baba mdogo alipouliza, mama alimjibu kwamba balbu imeungua. Balbu ilikuwa nzima.

Tangu hapo wanamenya viazi gizani, kwa kupapasa, ili baba asije.